Kidole Kinapojikunja Chenyewe: Kuielewa Distonia ya Mkono kwa Wapiga Vyombo

Mtoto aliyekulia kwenye nyumba inayochinja kuku anaujua mchezo huu. Unaokota mguu uliotupwa, unatafuta ule mshipa mweupe unaochungulia pale kisu kilipopita, unauvuta, na vidole vinajikunja kana kwamba kuku yu hai na amekamata tawi. Ukiuachia, vinakunjuka. Tulicheza hivyo kila sikukuu kwa bibi yangu, Bahi.

Mwaka 2019, nikiwa na miaka 34, niliuona mkono wangu mwenyewe ukifanya vile vile. Ilikuwa ibada ya pili, hapa Dodoma mjini, napapasa utangulizi wa wimbo niliokuwa nikiupiga tangu kidato cha tatu. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vikaanza kuzama taratibu kuelekea kiganjani. Nikavinyoosha, vikarudi. Hapakuwa na maumivu, ganzi wala uchovu. Nilimalizia wimbo kwa vidole vitatu, na waimbaji wakadhani nimesahau nota. Baada ya ibada nilifunga kamba za viatu, nikahesabu sadaka pamoja na wazee, nikaandika jumla kwenye daftari, na mkono ukafanya yote hayo bila kasoro. Mchana nikakaa tena kwenye kinanda nyumbani, Nkuhungu. Vidole vilizama kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Mkono mzima kwa kila kazi isipokuwa kazi moja: hapo ndipo penye siri ya jambo hili, na hapo ndipo nilipopotezea zaidi ya mwaka, kwa sababu kila niliyemweleza aliona haiwezekani. Mmoja alisema baridi yabisi. Mwingine alinishauri niangalie nani kazini ananionea kijicho. Kwenye zahanati moja nilichomwa sindano ya maumivu, ingawa nilisema mara mbili kwamba siumwi.

Hali hii inaitwa distonia ya mkono, na inayowapata wapiga vyombo ni aina yake mahususi. Neno distonia lilianza kutumiwa mwaka 1911 na daktari Mjerumani Hermann Oppenheim, akieleza ugonjwa unaofanya misuli ikaze bila mwenyewe kutaka. Zipo distonia za shingo, za kope, za sauti, hata za mwili mzima. Hii yetu imejibana kwenye kiungo kimoja na kazi moja. Makarani wa Uingereza wa karne ya 19, waliokuwa wakinakili nyaraka kwa kalamu kutwa nzima, waliipata kwenye kuandika. Mpiga tarumbeta anaweza kuipata midomoni. Wapapasa kinanda na wacharaza gitaa huipata zaidi mkono wa kulia, wapiga fidla mkono wa kushoto. Inakadiriwa kwamba katika wanamuziki 100 wanaoishi kwa kazi hiyo, mmoja hivi atakutana nayo, mara nyingi akiwa na miaka thelathini na kitu, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Nilipopigwa eksirei mifupa ilionekana mizima. Isingeweza kuonekana vinginevyo, maana kosa haliko mkononi. Rudi kwenye ule mguu wa kuku: mshipa ni mzima, kidole ni kizima, wa kuulizwa ni anayevuta. Na anayevuta ni ubongo.

Kwenye tabaka la juu la ubongo kila kidole kina eneo lake la kupokea hisia na eneo lake la kutolewa amri. Sisi wa Dodoma tunaweza kuyafikiria kama viwanja vilivyopimwa, kila kimoja na bikoni zake, yale mawe ya mpaka. Ila mipaka hii haichorwi mara moja ikabaki hivyo maisha yote. Inasogezwa na matumizi. Kidole kinachofanyishwa kazi nyingi huongezewa eneo, na ndiyo sababu mazoezi hutufanya kuwa wapigaji wazuri. Sasa chukua vidole viwili, vipige karibu pamoja, kwa kasi, kwa mwendo ule ule, maelfu kwa maelfu ya mara, miaka na miaka. Taarifa zao zinafika kwenye ubongo zikiwa zimekaribiana mno, na ubongo unaanza kuzipokea kama taarifa moja. Bikoni zinang'oka. Kinachobaki ni kiwanja kimoja chenye hati mbili, na kila mtu hapa anajua mgogoro wa namna hiyo unavyokuwa. Unamwamuru wa pete, na mdogo naye anaitika.

Hii si nadharia ya mezani tu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa California waliwafundisha kima kushika na kuachia kishikio kwa mwendo ule ule, mara nyingi mno kila siku. Baada ya muda baadhi ya kima wale walishindwa kuumudu mkono, na watafiti walipopima ubongo walikuta maeneo ya vidole yameingiliana. Picha za ubongo wa wanamuziki wenye distonia, zilizopigwa miaka hiyo hiyo, zilionyesha kitu cha aina hiyo: vidole vilivyosogeleana ndani ya kichwa kuliko inavyopaswa.

Kuna upande wa pili, na huu kwaya itauelewa haraka. Sauti ya tatu ikiwa na kipande chake, kinapendeza kwa sababu sauti nyingine zinajua kunyamaza. Ubongo nao unapoinua kidole kimoja huwa unatuma amri mbili: wewe inuka, na ninyi majirani tulieni. Kwa mwenye distonia ile amri ya pili imedhoofika. Misuli inayokunja na misuli inayokunjua inafanya kazi kwa wakati mmoja, inashindana, na inayokunja kwa kawaida ndiyo inayoshinda.

Kwa nini mmoja apate na wenzake 99 wasipate, hakuna jibu moja. Wengine wana ndugu wenye distonia, kwa hiyo kuna kitu cha kurithi. Wengine ilianza baada ya mishipa ya fahamu kubanwa kwenye kiwiko, au waliporudi kwenye chombo baada ya kuumia, au walipobadilisha staili ghafla kwa ajili ya mashindano. Watu wenye hofu nyingi na wasiojisamehe kosa dogo wanaonekana kuwa kwenye hatari zaidi. Na lipo hili ambalo lilinigusa binafsi: walioanza chombo baada ya umri wa miaka kumi wanaonekana kuipata zaidi ya walioanza wakiwa wadogo. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na kwa ubongo wa mwanamuziki msemo huo una ukweli wake wa kitabibu. Wapiga vinanda wengi wa makanisani ninaowafahamu, nami nikiwemo, tuligusa kinanda kwa mara ya kwanza tukiwa sekondari, tukakimbilia kufidia miaka iliyopotea.

Hapo ndipo ushauri wenye nia njema unapoharibu. Mwalimu wetu wa kwaya, mtu ninayemheshimu sana, aliniita pembeni akaniambia, "Kaka, mkono umelala. Uamshe. Ongeza mazoezi." Nikaongeza. Kwa miezi mitano nilirudi kazini, nikala, nikakaa kwenye kinanda masaa mawili kila usiku nikirudia kile kipande kilichonishinda, kwa kasi, nikikaza mkono, nikivilazimisha vidole kunyooka. Kidole cha kati nacho kikaanza kuvutwa. Kila marudio yenye kosa ni somo kwa ubongo, na mimi nilikuwa naufundisha kosa masaa mawili kwa siku kwa bidii yangu yote. Ukiwa unasoma haya na kidole chako kimeanza kukusaliti, naomba hili moja ulishike leo hii kabla ya mengine yote: acha kukipiga kile kipande. Usipunguze. Acha.

Tuje kwa daktari. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayosema hii ni distonia. Inatambuliwa kwa macho, ukiwa unapiga. Kwa hiyo nenda na chombo chako, na kama ni kinanda kizito, mwombe mtu akurekodi kwa simu, kamera ikiwa upande wa mkono, ukipiga kipande kinacholeta shida na kingine kisicholeta. Mimi nilipoonyesha video ya nusu dakika, daktari wa mishipa ya fahamu aliitambua kabla haijaisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimejieleza kwa maneno kwa watu wanne tofauti bila mafanikio. Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Omba rufaa ya kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu, hata ikibidi kushuka Muhimbili. Atataka kuondoa mambo mengine kwanza. Kama una maumivu, ganzi, au mkono unakuamsha usiku, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Kama kidole kinatetemeka ukiwa umetulia, hilo ni jingine. Umetumia dawa ya kuzuia kutapika au ya magonjwa ya akili hivi karibuni? Mtajie, kwa sababu baadhi huleta kukaza kwa misuli. Na mkono ukilegea ghafla kwa kila kazi, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, usisubiri daktari bingwa: kimbilia hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, inaweza kuwa kiharusi.

Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliiona hali hii kuwa ya kisaikolojia, woga uliojificha mkononi. Siku hizi haihesabiwi hivyo. Nasema haya kwa ajili ya wale walioambiwa wana dhambi iliyofichika au hawajiamini. Mimi naamini maombi, na niliombewa kwa upendo mkubwa. Lakini kumfanya mgonjwa ajione mkosaji ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo, na hofu yenyewe huzidisha kukaza.

Matibabu yapo, ila yanayorudisha mkono kama ulivyokuwa ni nadra. Inayojulikana zaidi ni sindano ya sumu ya botulinamu. Ni sumu ile ile inayoua watu waliokula chakula kilichohifadhiwa vibaya, ila kwa kipimo kidogo sana, ikichomwa ndani ya msuli unaokaza ili kuulegeza. Huanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa na nguvu yake hudumu kama miezi mitatu, kisha unarudia. Inahitaji mchomaji anayejua hasa msuli wa kidole gani uko wapi kati ya kiwiko na kiganja, kwa sababu akikosea kidogo analegeza kidole kisichohusika. Na haigusi kosa la ubongo. Inadhoofisha tu anayetii amri mbaya. Nilipopiga hesabu ya gharama yake kila miezi mitatu na posho ya mpiga kinanda wa kanisa, niliiacha.

Kuna vidonge pia. Triheksifenidili ndiyo hutajwa zaidi, na hapa kwetu inafahamika kama benzheksoli kwa kuwa hutolewa kupunguza ukakamavu unaoletwa na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Niliitumia miezi miwili kwa maelekezo ya daktari. Vidole vilitulia kidogo, lakini mdomo ulikauka, macho yakawa na ukungu, na nikaanza kusahau majina ya watu ninaowaona kila siku. Tukaiacha, tena kwa kupunguza kidogo kidogo.

Njia ya tatu ni kuufundisha ubongo upya, na hii ndiyo ninayoishi nayo. Ilianza na kitu kidogo ambacho daktari alinifanyia pale pale. Alinipa glovu za mpira, zile nyembamba za hospitali, akaniambia nivae kisha nipige kwenye ukingo wa meza ule utangulizi wangu. Nilipofika nyumbani nikafanya hivyo kwenye kinanda chenyewe. Kidole cha pete kikasimama. Kidole kidogo kikasimama. Nilipiga mistari minne safi, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu, na mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani anapiga. Kabla ya robo saa kuisha vidole vilikuwa vimeanza kuzama tena, glovu zikiwa bado mkononi. Lakini nilikuwa nimepata uthibitisho niliouhitaji. Ngozi ilipohisi kitu kigeni, ubongo ulikosa ule mkondo wake wa zamani kwa muda, na mkono ukaonyesha kwamba unajua kazi yake. Si kila mtu hupata nafuu hiyo ya glovu. Ukiipata, itumie kama mlango wa kuingilia, maana haidumu.

Kwa kuwa mipaka ya hisia ndiyo iliyovurugika, tulianza na hisia. Mke wangu alitia kwenye mfuko wa kitambaa karanga, njugu mawe, mbegu za alizeti na zabibu kavu, na kazi yangu ikawa kuzitambua bila kuangalia, kwa ncha ya kidole cha pete peke yake, kisha kidole kidogo peke yake. Wiki ya kwanza niliita alizeti karanga. Sikuwa najua kwamba kidole kinaweza kupoteza ujuzi huo bila mwenyewe kuhisi. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, mkono umelegea. Baada ya miezi mitatu nilikuwa sikosei.

Kisha kasi. Fungua metronomu, ile programu inayogonga mapigo ya muziki, kwenye simu, tafuta mwendo ambao kidole hakijikunji hata kidogo, hata kama ni wa aibu. Wangu ulikuwa mapigo 40 kwa dakika, nota moja kwa pigo, kwa kipande ambacho kanisani nilikipiga mara nne ya hapo. Unakaa kwenye mwendo huo wiki mbili, nusu saa kwa siku, ukisimama mara tu kidole kinapoanza kuvuta. Baada ya hapo unaongeza kidogo. Kikijikunja unarudi nyuma, bila hasira. Wengine hufungwa banzi dogo kwenye vidole vinavyoiba kazi, ili kile kilichopotea kijifunze kusimama chenyewe. Ni kazi ya miezi na miaka, na inachosha roho kuliko mkono. Leo nipo kwenye mapigo 96 kwa baadhi ya vipande. Vingine havijarudi.

Tulio na hali hii tuna wakubwa waliotutangulia. Robert Schumann, Mjerumani, alikuwa anajiandaa kuwa mpiga piano mkubwa pale kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilipoanza kumsumbua, kati ya 1830 na 1832. Alijitengenezea kifaa cha kukifunga kidole wakati wa mazoezi, na daktari akamwagiza aingize mkono kwenye matumbo ya moto ya mnyama aliyechinjwa punde. Wataalamu wengi wa leo wanaosoma barua zake wanaona dalili za distonia. Piano ya jukwaani aliiacha, akageukia utunzi. Mwingine ni Leon Fleisher wa Marekani. Mwaka 1964, akiwa kileleni, vidole vya pete na kidogo vya mkono wa kulia vilianza kujikunja, vile vile viwili vya kwangu. Kwa takriban miaka 30 alipiga kazi zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto pekee, akafundisha, akaongoza okestra. Katika miaka ya 1990 sindano za botulinamu pamoja na tiba ya kukanda misuli zilimrudisha kwenye mikono miwili, ingawa alisema wazi kwamba hajapona. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 92, na nikiisoma habari yake huwa nakaa zaidi kwenye ile miaka 30 ya katikati kuliko kwenye kurudi kwake.

Miaka yangu ya katikati nimeijaza na marimba. Babu yangu alikuwa na ilimba, ile marimba ya Kigogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha majukwaa ya dunia, na mimi kijana wa kinanda niliidharau. Mwaka 2021 nilimfuata mzee mmoja Chamwino anifundishe. Nilimweleza habari za vidole, nikamwonyesha vinavyojikunja. Akaniwekea boksi mapajani, akavichukua vidole vyangu viwili, akavikunja mwenyewe kuukumbatia ubavu wa boksi, akaacha gumba na kidole cha shahada juu ya vibao vya chuma.

"Hapa vikunje tu, mwanangu," alisema. "Hivyo ndivyo vinavyoshika."

Nikabonyeza, chuma kikalia, na ule utando wa buibui kwenye tundu la boksi ukatetema. Kidole cha pete kilikuwa kimejikunja, na kwa mara ya kwanza kilikuwa mahali pake.

Kanisani nilikaa na mwalimu wa kwaya nikamwonyesha video ile ile niliyomwonyesha daktari. Aliitazama mara tatu, akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyekuambia uongeze." Tangu siku hiyo tunapanga nyimbo upya: mkono wa kushoto wangu unabeba besi na kodi (nota zinazopigwa kwa pamoja), wa kulia unapiga sauti moja au mbili bila mapambo, na mapambo amepewa mcharaza gitaa, ambaye anayafurahia.

Alhamisi iliyopita kijana wa miaka 19 anayejifunza kwangu alikuwa anapiga mpito wa kasi wa wimbo wetu wa Pasaka. Niliona kidole chake kidogo kimeinuka na kukauka juu ya kinanda, kama kinaogopa kutua. Nikamuuliza tangu lini. "Wiki mbili, mwalimu, kinachelewa tu. Nakaa masaa manne kila usiku, kitazoea." Nilimwomba azime kinanda. Tukaenda kuongea na mwalimu wa kwaya saa hiyo hiyo, na mpito ule tumeuondoa kwenye wimbo. Pasaka tutakaa wawili kwenye benchi moja, mimi mkono wa kushoto, yeye sauti mbili za juu, polepole.